Nani Ashika Ufunguo wa Hewa?



Tukikutana mkutanoni twazungumza habari ya mshahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Ni haki tuzungumze hayo. Lakini liko jambo jingine ambalo kila mmoja wetu hulitumia tangu anapoingia kazini mpaka anapotoka, na hata hivyo ni nadra kuliona katika mapatano. Jambo hilo ni hewa. Tajiri hupanga iwe baridi ama moto, iwe mpya ama ya jana, nasi huipokea kama alivyoipanga. Twasema ya kwamba hewa ni sharti la kazi kama masharti mengine, na yapasa iletwe mezani.

Huenda mtu akauliza: Watu wa reli wana habari gani na hewa ya maofisi? Si kazi yao ni vyuma na mataruma? Twamjibu hivi. Kwanza, sisi tulio karakanani tuna ndugu zetu wengi wakaao ndani ya majengo makubwa ya biashara: makarani, wakata tikiti, wapokea simu, wafagiaji, walinzi na mafundi wa stima. Wao ni wanachama kama sisi na hutoa ada kama sisi. Ya pili, mtu wa reli aijua hewa. Reli ya zamani yatoka Mombasa, mahali ambapo shati hulowa jasho kabla ya saa nne asubuhi, yapanda mpaka Timboroa, futi 9,000 hivi juu ya bahari, mahali ambapo asubuhi mtu huona pumzi yake mwenyewe. Hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba amri moja ya joto na baridi haiwezi kuzifaa stesheni zote.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Wengi wetu hukaa chini ya mashine hizi miaka mingi bila kuelezwa zafanya nini. Basi na tuelezane sisi kwa sisi, maana mtu asiyejua mashine yafanyaje hudanganywa kwa urahisi.

Katika jengo kubwa, mashine ya kupoza hewa huwekwa juu ya paa ama katika chumba chake. Ndani yake mna feni kubwa, mna chujio la kushika vumbi, na mna mabomba ya baridi. Feni huvuta hewa kutoka vyumbani, huipitisha katika chujio na katika yale mabomba, kisha huirudisha vyumbani kwa mifereji ya bati. Ubavuni mwa mashine kuna kilango chenye mabati yafungukayo na kufungwa kama vibao vya madirisha ya Mombasa. Hicho ndicho kilango cha hewa ya nje. Kikifunguliwa, hewa mpya huingia na kuchanganyika na ya ndani, na sehemu ya hewa ya ndani hutolewa nje. Kikifungwa, feni huendelea kuvuma, baridi huendelea kuja, na watu huvuta pumzi za wenzao.

Basi shikeni neno hili: baridi ni kitu kimoja, na hewa mpya ni kitu kingine. Chumba chaweza kuwa baridi kama Limuru na hewa yake ikawa imekwisha tumiwa na watu hamsini.

Tazameni tena vile viyoyozi vidogo vya ukutani, ambavyo kisanduku kimoja hukaa ndani na kingine nje. Watu hudhani vyavuta hewa kutoka nje. Sivyo. Vilivyo vingi haviingizi hewa ya nje hata kidogo. Bomba jembamba lipitalo ukutani hubeba dawa ya kupoza tu, halibebi hewa. Chumba kilichofungwa madirisha na kutiwa kiyoyozi cha namna hii ni chumba kisicho na hewa mpya, isipokuwa ile ipenyayo mlangoni watu wakipita.

Kisha kuna themostati, yaani kile kidude cha ukutani kinachoiamuru mashine ianze ama ikome. Katika jengo moja la biashara ambamo wenzetu hufanya kazi, kidude hicho kimewekwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Bwana Meneja, ambaye ofisi yake iko pembeni na dirisha lake lafunguka. Madirisha ya makarani yamekazwa kwa skrubu. Kilango cha hewa ya nje kilifungwa zamani ili kupunguza bili ya stima, wala hakuna aliyewaambia makarani. Walilojua wao ni kichwa kuuma baada ya chakula cha mchana, macho kuwasha, na usingizi ambao mnyapara aliuita uvivu.

WALIOFUNGA KILANGO

Ndugu, jambo hili halikuanzia kwetu. Lina historia yake, na yafaa tuijue.

Mashine ya kwanza ya kupoza hewa ya namna ya kisasa ilitengenezwa na Willis Carrier huko Marekani mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa katika Brooklyn, New York. Kwa nini waliitaka? Kwa sababu unyevu wa hewa uliifanya karatasi itanuke na kusinyaa, na rangi za picha hazikukaa mahali pake. Karatasi iliharibika, na karatasi ni fedha. Basi karatasi ilipata hewa nzuri kabla ya mfanya kazi. Hatumlaumu fundi Carrier, maana alifanya kazi aliyopewa. Twataka mwone tu ya kwamba tangu siku ya kwanza mashine hii ilitumikia mali, na mtu alifaidika akiwa karibu na mali.

Mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei duniani, wenye majengo huko Marekani walitafuta njia ya kupunguza gharama. Kupoza ama kupasha moto hewa inayotoka nje hula fedha. Zamani kipimo kilikuwa kama futi za ujazo 15 za hewa ya nje kwa kila mtu kwa kila dakika. Wakaishusha mpaka 5. Madirisha yakafungwa, nyufa zikazibwa. Matokeo yake yakaonekana: watu waliumwa vichwa, walikohoa, walichoka, na wakitoka nje ya jengo walipata nafuu. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huenda majengo 30 katika kila 100 yaliyo mapya ama yaliyofanyizwa upya yana malalamiko mengi ya hewa ya ndani. Mwaka 1989 mainjinia wa Marekani walikipandisha kipimo tena, na kwa maofisi wakakiweka futi 20. Angalieni basi: kwa miaka kadiri ya kumi na tano, watu wa maofisini walipunguziwa hewa ili bili ipungue, na hakuna aliyewauliza kama wamekubali kupunguziwa.

Jambo jingine ni la maji. Majengo makubwa mengine hupozwa kwa maji yanayomiminika katika minara iliyo juu ya paa. Maji hayo yasipotunzwa huzaa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka 1976 askari wastaafu walikusanyika katika hoteli moja mjini Philadelphia, wakaugua ugonjwa wa mapafu, na 29 miongoni mwao wakafa. Mwaka 1977 wadudu wenyewe walitambuliwa, na tangu hapo imejulikana kwamba hukaa katika maji ya mashine za kupozea na mabomba ya maji ya moto yasiyotunzwa. Kwa hiyo mtu akisema kusafisha mashine kwaweza kungoja mwaka ujao, mkumbusheni habari hiyo.

Na karibu nasi zaidi kwa miaka, mwezi wa Machi 2020, katika jengo moja mjini Seoul, Korea, palikuwa na ofisi ya wapokea simu katika ghorofa ya 11. Wafanya kazi wa ghorofa hiyo walikuwa 216. Ugonjwa wa korona ulipoingia uliwapata 94 kati yao. Katika jengo zima, kati ya watu 1,143 waliopimwa, waliopatikana na ugonjwa walikuwa 97 tu. Yaani karibu wote walikuwa wa ghorofa ile moja, ambako watu walikaa bega kwa bega wakisema na simu siku nzima. Sisi Kenya tunao ugonjwa wa zamani upitao njia hiyo hiyo ya hewa, nao ni kifua kikuu. Hauchagui karani wala mfagiaji. Hupenda chumba kilichojaa watu na kufungwa madirisha.

SHERIA YASEMAJE?

Katika nchi yetu sheria ya viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, lakini ilikuwa ya viwanda. Karani wa ofisini na mwuza duka walikaa nje ya sheria hiyo karibu miaka arobaini, mpaka ilipobadilishwa mwaka 1990 ili ishike na mahali pengine pa kazi. Kisha ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii yampasa mwenye mahali pa kazi kuhakikisha kila chumba cha kazi chapata hewa safi inayozunguka, kiasi cha kutosha. Tena yasema chumba kisijazwe watu, bali kila mtu awe na nafasi isiyopungua mita za ujazo 10, bila kuhesabu nafasi iliyo juu sana karibu na dari. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya masharti ya kazi yaliyo ya haki.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi, kama tulivyofundishwa shuleni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri hewa ya nje ya lita 10 kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo yasiyo makao ya watu. Mita za ujazo 10 ni lita 10,000. Ukizigawa kwa lita 10 wapata sekunde 1,000, yaani dakika 17 kasoro kidogo. Maana yake ni hii: nafasi ile ambayo sheria yampa mtu, hewa yake yatosha kwa kipimo hicho kwa muda usiozidi dakika 17, kisha yataka kubadilishwa. Mkubwa akikuambia, “Chumba hiki ni kikubwa, hewa imo tele,” mwambie hesabu hii. Ukubwa wa chumba ni wa robo saa tu. Baada ya hapo mtu huishi kwa kilango.

Shuleni kwetu misheni mwalimu alifunika mshumaa kwa gilasi, ukazimika, tukashangaa. Ofisini hatuzimiki kama mshumaa, ndiyo sababu mambo haya hufichika. Mtu huchoka kidogo kidogo, hukosea hesabu, hukaripiwa, huenda nyumbani na kichwa kizito. Mwaka 2014 wataalamu wa chuo cha Harvard waliwaweka watu 24 katika ofisi ya majaribio siku sita, wakawabadilishia hewa bila kuwaambia. Siku za hewa mpya nyingi, maarifa yao ya kuamua mambo yalipimwa yakaonekana bora sana kuliko siku za hewa chache. Basi tajiri anayefunga kilango hujiibia mwenyewe. Huokoa senti katika stima, hupoteza shilingi katika kazi, kisha humwita karani mvivu.

KWAMBA STIMA NI GHALI

Hatukatai. Bili ya stima ni kubwa, nasi twaijua kwa sababu twailipa nyumbani. Lakini hoja hii haifiki mahali inapopelekwa.

Nairobi yakaa kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari. Siku nyingi za mwaka hewa ya nje, hasa asubuhi na usiku, ni baridi kuliko ya ndani ya jengo lililojaa watu, taa na kompyuta. Hewa hiyo ni ya bure. Kufunga kilango siku kama hiyo na kuiendesha mashine ya baridi ni kama kuchota maji kwa gari wakati mto wapita uani. Mafundi wa mashine hizi wanayo njia ya siku nyingi: hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, kilango hufunguliwa wazi na ile mitambo ya baridi huzimwa, feni peke yake ikatosha. Hapo hewa mpya nyingi na bili ndogo huja pamoja.

Tena si lazima kila jengo liwe kisanduku cha vioo. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011, kwa watu kama 1,200, zilijengwa ili hewa iingie kwa madirisha na kupanda mpaka darini ikatoke yenyewe. Huko Harare jengo la Eastgate, lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, hupozwa kwa kuvuta hewa ya usiku ndani ya kuta na sakafu nzito, bila mashine za baridi za kawaida. Hata wazee waliojenga stesheni za zamani walijua kuweka dari ya juu, baraza pana na madirisha ya kufunguka. Yaliyojulikana hayo kabla ya stima, yamesahauliwaje leo?

Mombasa ni jambo jingine, twakubali. Kule hewa ya nje ni ya moto tena ina maji mengi, na mashine hufanya kazi ya kuipoza na kuikausha. Lakini hata kule dawa yake si kufunga kilango. Dawa ni kuacha kupoza kupita kiasi. Kwa nini ofisi ya Mombasa iwe na nyuzi 19, hata karani avae sweta katika mji wa nazi? Nyuzi 25 ama 26 pamoja na feni ya darini zatosha, na stima iliyookolewa hapo ilipie hewa mpya. Huko Japani mwaka 2005 serikali iliwaambia watu wa maofisini wavue tai na makoti wakati wa joto, na kiyoyozi kiwekwe nyuzi 28. Marekani nayo, kwa amri ya Rais Carter ya mwaka 1979, majengo ya biashara yalikatazwa kupoza chini ya nyuzi 26 hivi, mpaka Rais Reagan alipoifuta amri hiyo mwaka 1981. Mwaona basi, themostati ni jambo ambalo hata serikali huamua. Siyo siri ya mfukoni mwa meneja. Mara nyingi baridi nyingi ya ofisi zetu ni kwa ajili ya suti ya mkubwa.

WAFAGIAJI NA WALINZI

Sasa twawasemea wale ambao mara nyingi husahauliwa hata na chama.

Saa kumi na moja jioni makarani huondoka, na mashine huzimwa kwa saa. Wakati huo ndipo wafagiaji huingia. Huosha sakafu na vyoo kwa dawa kali, hupuliza dawa za vioo, husugua, katika jengo ambalo madirisha hayafunguki na feni zimelala. Ni akina mama wengi. Wao ndio wafanyao kazi nzito ya mwili na kuvuta mvuke wa dawa, nao ndio wasiopata hewa hata ile kidogo. Jengo huhesabiwa kuwa tupu wakati wao wamo. Je, mfagiaji si mtu? Twataka feni za hewa ya nje zifanye kazi mpaka mfagiaji wa mwisho atoke.

Na mlinzi wa usiku. Mwezi wa Julai katika Nairobi, Nakuru na Eldoret usiku ni baridi kali. Ndani ya jengo kuna mashine ya mamilioni ya shilingi ya kuongoza joto na baridi. Langoni kuna kibanda cha bati, na mlinzi ndani yake hana hata kiti kizuri. Basi huwasha jiko la makaa, hufunga mlango ili joto lisitoke. Ndugu, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala asiamke. Tusiseme ni ujinga wa mlinzi. Yeye ametafuta joto ambalo tajiri hakumpa. Kibanda cha mlinzi kipewe njia ya joto iliyo salama na tundu la hewa lisilozibika, kwa sababu nacho ni sehemu ya jengo.

UGOMVI WA SWETA NA SHATI

Twakuja sasa kwetu wenyewe. Katika maofisi mengi wafanya kazi hugombana habari ya baridi. Mmoja asema naona joto, mwingine asema nagandamana. Mmoja afungua dirisha, mwingine alifunga. Wanaume hucheka wanawake waliojifunika leso. Ndugu, kicheko hicho hakina maana. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Uholanzi walieleza kwamba kipimo cha joto la maofisi kilifuata mwili wa mwanamume, na miili ya wanawake wengi kwa kazi ya kukaa hutoa joto pungufu ya kipimo hicho. Dada zetu hawakuwa wakilia bure.

Wakati sisi twagombana, mwenye ufunguo yuko ofisini kwake amestarehe. Ugomvi wetu wamfaa yeye, maana husema, “Hawa hawawezi kupatana, heri niamue mimi.” Tukipatana sisi kwanza, hana la kusema.

Wazee wa reli wanaijua desturi ya tokeni. Katika njia moja dereva haingii bila tokeni mkononi, na tokeni haitoki katika mashine yake mpaka stesheni mbili zimekubaliana. Stesheni masta mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, hawezi kuitoa peke yake. Kwa nini ilifanywa hivyo? Kwa sababu watu waliona ya kwamba maisha ya abiria hayafai kuachwa katika mkono mmoja. Twataka hewa iwe kama tokeni. Upande wa tajiri na upande wa wafanya kazi waamue pamoja.

Na chombo cha kuamulia kipo tayari. Ile sheria ya 2007 yaamuru kamati ya usalama na afya mahali penye wafanya kazi 20 na zaidi, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Tena yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari ya afya yake. Mahali pengi kamati hiyo ni jina ubaoni, haikutani ila mkaguzi akija. Kosa hilo twaweza kulirekebisha sisi kwa kuitisha mkutano wake.

TUNAYOYATAKA

Basi twaomba matawi yote yazungumze haya, na wajumbe wetu wayapeleke katika mapatano yajayo:

1. Kipima joto kiwekwe wazi katika kila ghorofa, kila mtu akisome. Uingereza, kwa Sheria ya Maofisi, Maduka na Majengo ya Reli ya mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata Uhuru, jambo hili liliamriwa. Sheria yao ilitaja reli kwa jina lake. Hatuombi ajabu.

2. Kiasi cha joto na baridi kiamuliwe na kamati ya usalama na afya, kiandikwe, kibandikwe ukutani. Ufunguo wa kile kisanduku ukae kwa watu wawili, mmoja wa kila upande.

3. Kilango cha hewa ya nje kisifungwe wakati wowote watu wamo ndani, nao wafagiaji wahesabiwe kuwa watu. Kipimo kiwe lita 10 kwa kila mtu kwa kila sekunde.

4. Madirisha yaliyokazwa skrubu yafunguliwe mahali pasipo na hatari. Chumba chenye kiyoyozi cha ukutani kipewe njia ya hewa ya nje.

5. Kuwe na daftari la kusafisha machujio na maji ya kupozea, lenye tarehe na sahihi ya fundi, na mwakilishi wa wafanya kazi aruhusiwe kulisoma. Mafundi wa kutosha waandikwe kwa kazi hii, wasiwe vibarua wa siku mbili.

6. Vibanda vya walinzi vipate joto la salama.

7. Chama chetu kinunue kipima hewa. Ni kidude kidogo cha kushika mkononi, hupima hewa ya kaboni tunayoitoa kwa pumzi. Nje husoma zaidi kidogo ya sehemu 400 katika kila milioni. Ndani kikizidi 1,000, mwajua hewa mpya ni chache. Kipite tawi kwa tawi, tuandike tunayoyaona, na siku ya mapatano tuweke hesabu mezani badala ya manung'uniko.

Mwenzetu mmoja wa karakana ametuambia, “Nyinyi mwashughulika na upepo, mimi nataka shilingi.” Twamwambia, nasi twazitaka hizo shilingi. Lakini mtu akiumwa kifua shilingi zake huenda hospitali. Tajiri asiyeongeza mshahara huku amepunguza hewa amekukata mara mbili, na mara ya pili hukuiona katika karatasi ya mshahara.

Hewa haikutengenezwa na tajiri wala hakuinunua. Alichonunua ni mashine na kufuli. Kufuli hiyo twaijua mahali ilipo, na sheria yatupa kiti katika kamati ya kuizungumza. Mkutano wa tawi ujao, kabla ya mambo mengine, katibu aulize swali moja na kuandika majibu: katika mahali pako pa kazi, kilango cha hewa ya nje ki wazi ama kimefungwa, na nani alikifunga? Asiyejua aende akatazame, kisha arudi atuambie.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli.